Mtego wa Chuma: Springi Zinazokata Umeme wa Msongo Mkubwa
(Mhadhara kwa wananchi na wanafunzi, Mlimba)

 

Nilipoambiwa nije kuzungumza habari za umeme nilijua kabisa mtakachotaka kusikia: bei ya kuunganishiwa, na lini nguzo zitafika kitongoji chenu. Hayo yana wenyewe. Mimi nimekuja na kifaa kimoja tu, ambacho hakitajwi katika hotuba za ufunguzi wa miradi na hakina picha kwenye kalenda za ofisi. Nacho ni springi. Springi ya chuma iliyojikunja, ndugu wa zile zinazobeba mabehewa ya TAZARA hapo stesheni. Imekaa ndani ya sanduku la bati chini ya breka nyingi, yaani zile swichi kubwa za kukata umeme wa msongo mkubwa, imebanwa, inangoja. Inaweza kungoja hivyo miezi sita. Siku ikiitwa ina sehemu ndogo sana ya sekunde kumaliza kazi yake.

Ninachotaka kuwashawishi jioni hii ni kwamba umeme hauwezi kukabidhiwa kazi ya kujikata wenyewe. Siku unapotakiwa kukatwa ndiyo siku umeharibika: msongo umeporomoka, nyaya zimegusana, taa za kituo zimefifia, na chochote kinachotegemea umeme huo huo kufanya kazi kimeshaingia mashakani. Kwa hiyo wahandisi, baada ya kujaribu njia nyingi, wakaamua nguvu ya kukata iwekwe mapema, tena iwekwe ndani ya kitu kisicho cha umeme.

Tuanzie hapa kwetu, maana mtambo mkubwa uko jirani. Mto Kihansi unaporomoka kutoka milima ya Udzungwa kuja bondeni, na tangu mwaka 2000 maji yake yanapitishwa ndani ya mwamba hadi kituo kilichochimbwa chini ya ardhi. Kimo cha anguko ni kama mita 850. Mashine ni 3, kila moja megawati 60, jumla 180. Umeme unatoka kwa msongo wa kilovolti 220, laini moja ikielekea Kidatu, nyingine ikipanda mlima kwenda Iringa. Wageni wakija wanauliza habari za vyura. Ni haki yao: chura wa Kihansi hakuwa akijulikana na wanasayansi hadi mwaka 1996, akatangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, na tangu 2012 wamekuwa wakirudishwa kutoka Marekani walikotunzwa. Ni kisa kikubwa na kinastahili mhadhara wake. Mimi naomba tu mgeni mmoja, siku moja, aulizie na springi.

Megawati 180 zikisafiri kwa kilovolti 220, mkondo katika kila waya ni kama ampea 470. Hiyo ni siku ya kawaida. Sasa radi ipige, au mti uangukie laini, au nguzo ilale. Mkondo hauishii hapo tena. Unapanda hadi maelfu ya ampea ndani ya kufumba na kufumbua, kwa sababu mashine zote za gridi zinamimina nguvu yake kwenye shimo hilo moja. Breka za msongo huu hutengenezwa ziweze kukata ampea 31,500 au 40,000. Mkondo huo ukiachwa sekunde chache, nyaya zinalainika, koili za transfoma zinapindana, na mashine zilizokuwa zikizunguka pamoja, za vituo vya Kihansi, Kidatu na Mtera, zinapotezana.

Wengi hudhani kukata umeme ni kutenganisha vyuma viwili, basi. Nyumbani ni hivyo. Kwenye kilovolti 220 ukitenganisha vyuma viwili, umeme haukatiki. Unaruka pengo. Hewa au gesi iliyo katikati inageuka kuwa safu ya moto mweupe wenye joto la kufikia nyuzi 20,000, mara tatu na zaidi ya uso wa jua, na ndani ya safu hiyo mkondo unapita kana kwamba hakuna kilichotokea. Mafundi wanaiita aki. Kazi ya breka hasa ni kuua aki.

Bahati yetu ni kwamba umeme wa gridi ni wa kwenda na kurudi. Unabadili mwelekeo, na kila unapobadili kuna nukta ambapo mkondo ni sifuri. Kwa umeme wetu wa hezi 50, nukta hizo ni 100 kila sekunde, moja kila milisekunde 10. Aki inakufa pale, kisha inajaribu kufufuka mara msongo unapopanda tena. Breka inashinda ikiwa, wakati nukta hiyo inafika, vyuma vimeshaachana vya kutosha na gesi safi ya baridi imeshapulizwa katikati. Ikichelewa, inangoja nukta inayofuata huku ikiungua. Ikichelewa mara kadhaa, inapasuka.

Ndiyo maana mwendo ni kila kitu. Katika breka ya gesi ya kilovolti 220, chuma kinachotembea husafiri kama sentimita 15 hadi 20, kwa kasi ya mita kadhaa kwa sekunde, na tangu amri itoke hadi aki ife ni milisekunde 40 hadi 60. Na kuna ncha tatu, moja kwa kila fezi, zinazotakiwa kuachana karibu kwa pamoja: viwango vya kimataifa vinataka tofauti kati yao isizidi sehemu ya sita ya mzunguko mmoja wa umeme, yaani milisekunde 3 na kidogo.

Je, mkono wa mtu unaweza? Zamani ulijaribu. Breka za mwanzo zilikuwa na mpini, na mtu alivuta. Mwaka 1901 kule California fundi aitwaye Kelman alitumbukiza swichi yake ndani ya mapipa ya mbao yenye mafuta na maji, ikakata umeme wa kilovolti 40, na kwa wakati ule lilikuwa jambo la ajabu. Lakini msongo na mkondo vikaendelea kukua, na mkono wa binadamu haukukua navyo. Tatizo la mkono si udhaifu peke yake. Mkono una hofu. Mtu anayefunga swichi huku akishuku kuwa laini ina hitilafu huisogeza polepole, anasikia mlio, anasita, anarudisha. Kusita huko katikati ya safari ndiko kunakoua. Hata leo, zile swichi za makabati ya kilovolti 11 na 33 ambazo bado zinafunguliwa kwa mpini huwa na springi ndani: ukizungusha mpini, unaibana springi tu, chuma cha umeme hakijaondoka. Ukifika mahali fulani springi inapita kikomo chake, inafyatuka, na swichi inafunga kwa kasi ile ile, awe aliyeshika mpini ni kijana mwenye misuli au mama mwenye kilo 50. Anayesita na asiyesita wanapata matokeo yale yale. Kwangu mimi huo ni uvumbuzi mkubwa kuliko mwingi uliopewa tuzo.

Kwa breka kubwa walijaribu kwanza sumaku za umeme. Koili nene inavuta chuma, swichi inafunga. Ilifaa, ila koili ile ilitaka mkondo mkubwa mno kutoka kwenye betri, na betri zikawa chumba kizima. Wakaja na hewa iliyoshindiliwa: kompresa, matangi, mabomba yanayozunguka kituo chote. Kidatu ilipoanza mwaka 1975, duniani breka nyingi za msongo mkubwa zilikuwa za hewa au za mafuta. Breka ya hewa ikifyatuka hutoa mshindo wa mzinga. Aliyekaa karibu na kituo cha namna hiyo hasahau. Na hewa ina tabia ya kuvuja. Kila kiungo cha bomba ni mlango wa kutorokea, na kompresa ikifa usiku, una saa chache tu kabla breka zote hazijawa mapambo. Wengine wakatumia mafuta yaliyosukumwa kwa shinikizo kubwa, njia ambayo bado ipo, hasa kwenye breka kubwa zaidi, na katika mitambo mingi ya aina hiyo sasa mafuta yenyewe husukumwa na springi za sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine. Hata huko, akiba imerudi kwenye chuma.

Springi ya kawaida ilishinda kwa sababu mbili. Moja ni kwamba haivuji. Ukiibana leo, kesho iko vile vile, na mwaka kesho. Ya pili ilitoka kwenye gesi. Breka za gesi za mwanzo zilikuwa na pistoni inayosukuma gesi kama pampu, na kuisukuma dhidi ya aki kubwa kunataka nguvu nyingi sana. Kuanzia miaka ya 1980 wabunifu wakapata njia ya kuutumia moto dhidi ya moto: joto la aki lenyewe linapasha gesi katika chumba kidogo, shinikizo linapanda, na mkondo ukifika sifuri gesi hiyo inarudi kwa kishindo na kuizima aki iliyoizaa. Pistoni ikabaki na kazi ndogo. Nguvu iliyotakiwa ikapungua hadi springi ikaweza kuibeba yenyewe.

Wazee mnaojua mtego wa tanzi mtanielewa haraka kuliko mwanafunzi wa chuo kikuu. Unachagua mti mbichi, unaupinda hadi ncha iguse ardhi, unaufunga kamba yenye tanzi, kisha unauzuia kwa kijiti kidogo. Kazi yote ngumu umeifanya wewe, mchana, bila haraka. Paa akipita usiku hahitaji kufanya lolote zaidi ya kugusa kijiti. Nguvu inayomrusha haikutoka kwenye mguu wake. Ilikuwa imekaa ndani ya mti ikingoja. (Sihimizi mtu aende nao Udzungwa. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 1992, na askari wake wanaujua mtego huu vizuri kuliko mimi.)

Sasa weka chuma mahali pa mti, na vyuma vya kukomea mahali pa kijiti. Ndani ya sanduku la breka kuna mota ndogo ya wati mia kadhaa. Inazungusha gia, gia zinaibana springi ya kufungia pole pole, kwa sekunde 10 au 15 hivi, kisha komeo linaingia mahali pake na mota inazima. Kanuni ya akiba hiyo ilishaandikwa na Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678: springi inarudisha nguvu kwa kadiri ilivyonyooshwa au kubanwa. Kutokana na hapo hesabu inatoa jambo ambalo mafundi hulipenda: ukiibana mara mbili zaidi, kazi iliyojiweka ndani yake ni mara nne. Springi za breka kubwa hubeba kilojuli chache tu. Inasikika kidogo. Lakini kilojuli 3 zikitoka ndani ya milisekunde 30, hiyo ni nguvu ya kilowati 100, kutoka kwenye mota isiyozidi ile ya mashine ndogo ya kukoboa. Springi haizalishi nguvu yoyote. Inachofanya ni kukusanya taratibu na kutoa yote kwa mara moja.

Nilisema springi ya kufungia. Kuna ya pili, ya kufungulia, na mpangilio wa hizi mbili ndio kiini cha mtambo wote. Ya kufungia ikifyatuliwa, inafanya kazi mbili kwa pigo moja: inasukuma vyuma vikutane, na inaibana ile ya kufungulia hadi ikomewe. Maana yake ni kwamba breka haiwezi kufungwa bila kutegwa kwa ajili ya kufunguka. Hakuna hali ambayo umeme unapita na akiba ya kuukata haipo. Mota haraka inaanza tena kuibana ya kufungia, kwa hiyo baada ya sekunde chache springi zote mbili zimejaa huku laini ikifanya kazi. Siku ya hitilafu, rilei inapima, inaona mkondo si wa kawaida, inatuma umeme mdogo kutoka kwenye betri za kituo kwenda koili ya kufyatulia. Koili inasukuma kipini, kipini kinagonga komeo dogo, komeo dogo linaachia kubwa, na springi inaondoka. Betri haikukata kitu. Betri iligusa kijiti.

Kwa nini springi zote mbili zijae? Kwa sababu ya radi, na hapa bondeni tunazijua radi. Mvua zikianza kupanda ukuta wa Udzungwa, ile laini ya Iringa iko juu ya mabega ya mlima. Radi ikipiga, umeme wa gridi unafuata njia ya radi juu ya vikombe vya nguzo hadi ardhini. Radi yenyewe imeshapita, lakini aki imebaki ikilishwa na gridi. Ukikata laini kwa muda mfupi sana, hewa inapoa, njia inajifunga, na unaweza kurudisha umeme kana kwamba hakuna kilichotokea. Hitilafu nyingi za laini za angani ni za namna hii ya kupita. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vinataka breka ya laini iweze kufanya mfululizo huu: kufungua, kungoja sekunde 0.3, kufunga, na ikikuta hitilafu bado ipo, kufungua tena papo hapo. Fungua, funga, fungua. Katika sekunde hiyo moja hakuna muda wa mota kubana chochote. Yote yanatoka kwenye akiba iliyokuwa imewekwa. Baada ya hapo breka inapewa dakika 3 kabla ya kujaribu mara nyingine.

Watu wa Mlimba mnaliona jambo hili kwa sura nyingine. Taa zinazimika, zinarudi, zinazimika, zinarudi, kisha zinazimika moja kwa moja, na mtu anasema TANESCO wanatuchezea. Kwenye laini za kilovolti 33 zinazopita mashambani na porini kuna rikloza juu ya nguzo, breka ndogo inayojihesabia. Inakata, inangoja, inajaribu kurudisha. Ikiona tawi bado limelalia waya inakata tena. Ikimaliza hesabu yake inabaki wazi, na hapo lazima mtu aje. Kule kuwaka na kuzima ni jaribio la kuwaokoa na giza la usiku mzima. Niseme ukweli wa fundi: rikloza nyingi za siku hizi hazitumii springi ya kutegwa kama breka kubwa. Zinatumia chupa za utupu, ambamo vyuma vinaachana kwa umbali mdogo tu, na sumaku ya kudumu ndiyo inayovishika. Lakini fungueni moja na mtakuta humo pia springi ya kuvibana vyuma na kuvitenganisha. Haikuondoka, imepunguziwa kazi.

Naomba nirudi Kihansi kidogo, kwa sababu breka ikifunguka kuna mwenzake anayebaki na shida. Mashine ya megawati 60 ilikuwa ikisukumwa na maji na kuzuiwa na mzigo wa gridi. Breka inauondoa mzigo ndani ya milisekunde 60. Maji hayajui. Yanaendelea kulipiga gurudumu, na gurudumu linaanza kukimbia. Utasema, fungeni maji. Huwezi. Safu ya maji ya mita 850 ikisimamishwa ghafla inapiga bomba kwa shinikizo linaloweza kulipasua. Kwa hiyo turbini za aina ya Pelton, kama hizi za Kihansi, zina bamba la chuma linaloingia mbele ya mkuki wa maji na kuupotosha usiguse gurudumu, kwa muda wa sekunde moja au mbili, wakati sindano ya kufungia inajifunga taratibu nyuma yake. Linganisheni mwendo huo: breka kwa milisekunde, bamba kwa sekunde, sindano kwa makumi ya sekunde. Kila kimoja kina kasi inayoruhusiwa na kitu kinachokizuia. Anayetaka kuelewa kituo cha umeme aanze hapo, asianze na vitufe vya chumba cha udhibiti.

Sasa niseme kuhusu udhaifu, maana sikuja kuisifu springi kama mgombea wa udiwani. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa mitambo mikubwa ya umeme, CIGRE, yenye makao Paris, ilikusanya taarifa za kuharibika kwa breka za gesi kati ya 1988 na 1991 kutoka nchi nyingi. Zaidi ya asilimia 40 ya hitilafu kubwa zilianzia kwenye mtambo wa kuendeshea, yaani sanduku hili ninalowaambia. Gesi, kauri, vyuma vya umeme, vyote hivyo vya kutisha vilikuwa na nafuu. Kilichoangusha breka ni mambo ya chini: komeo, beringi, koili iliyoungua, kiungo kilichokauka.

Adui mkubwa kuliko wote ni grisi. Breka ya laini inaweza kukaa imefungwa mwaka mzima bila kuitwa. Grisi inakauka, inageuka nta, inashika vumbi. Na bonde hili lina unyevu. Asubuhi za masika kila bati linatoka jasho. Ndani ya sanduku kuna kipasha joto kidogo, wati kadhaa tu, kazi yake ni kuzuia umande. Kikiungua hakuna anayejua, hakitoi kengele. Miezi michache baadaye kuna kutu ya rangi ya chungwa kwenye komeo, na manyigu wameshajenga kwenye koili. Siku ya hitilafu breka inafunguka, ndiyo, lakini polepole mno, na breka ya jirani kule Kidatu au Iringa inaona hii imechelewa, nayo inafunguka. Badala ya laini moja mmepoteza mbili.

Na hapa kuna siri ambayo ningependa kila kijana anayeingia kazi hii aijue. Ukienda kupima kasi ya breka iliyolala miezi mingi, usiicheze kwanza ili kuiona kama inafanya kazi. Kufunguka kwa mara ya kwanza ndiko kunakosema ukweli. Pigo la kwanza linavunja grisi iliyoganda, na la pili litakuwa zuri, la tatu zuri zaidi, na utaandika ripoti safi kuhusu breka ambayo ni mgonjwa. Nimeziona ripoti hizo. Zina mihuri yote.

Springi iliyobanwa pia haina adabu kwa mtu. Ukikata umeme wa sanduku, ukatoa fyuzi, ukafunga kufuli, bado nguvu yote iko pale pale, kwa sababu haikuwa ya umeme. Katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, fundi mwenzetu alipoteza vidole viwili kwa kuamini kwamba taa ikizima kila kitu kimezima. Kabla ya kuingiza mkono, breka inafunguliwa, inafungwa, inafunguliwa, huku mota ikiwa imezuiwa, mpaka kidirisha kinachoonyesha hali ya springi kiseme zote zimelegea. Kisha unakitazama tena.

Mlimba hamjaikosa mikono ya kazi hii. Kwa vizazi viwili hapa pamekuwa mahali ambapo reli ya TAZARA inaacha tambarare na kuanza kupanda kwenda Makambako, kupitia mahandaki na madaraja ambayo yaliwatoa jasho wajenzi miaka ya 1970. Fundi aliyezoea breki, komeo na springi za mabehewa anajua kwa kidole chake tofauti ya chuma kilichochoka na kilicho hai. Vyuma vyenyewe ni jamii moja, chuma cha silikoni na manganizi, au cha kromu na vanadi. Tunapotangaza nafasi kwenye vituo vya kupoza umeme, kama kile cha Ifakara kinachoshusha kilovolti 220 kuwa 33, tunatafuta watu wa umeme peke yao. Naona tunakosea. Ndani ya lile sanduku umeme ni mgeni. Mwenyeji ni fundi wa vyuma. Na wakati Ulaya inapiga hatua kuachana na gesi ya SF6 inayojaza breka hizi, ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto kuliko tani 23 za kaboni dioksidi, na sheria yao ya 2024 inaanza kuzuia mitambo mipya ya gesi hiyo kwa awamu kuanzia 2026, breka zinazokuja ni za utupu na hewa safi. Gesi itabadilika. Sanduku la springi litabaki.

Limebaki moja. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru kwenye mto Tana, Kenya, akaangukia transfoma. Transfoma ikajitoa, mashine nyingine zikaelemewa, zikapotea megawati zaidi ya 180, ambazo ni kama Kihansi yote, na Kenya nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alipona, kampuni ya KenGen ikasema, akakabidhiwa kwa watu wa wanyamapori. Kwetu gridi ilizimika usiku wa kuamkia 1 Aprili 2024. Siku kama hizo watu wanalaumu breka kwa kukata. Lakini breka zilikata ili mashine zisiungue, na ndiyo sababu umeme ulirudi baada ya saa na si baada ya miezi.

Na unarudi vipi, wakati nchi nzima ni giza? Unaanzia kwenye vituo vya maji, kwa kuwa maji yanashuka bila kuombwa umeme na mtu. Mashine moja inazungushwa, inafika kasi yake, inazalisha msongo, halafu inahitaji breka ifungwe ili laini ipate uhai. Springi yake ilishabanwa kabla ya giza. Ikiwa kwa bahati mbaya imelegea na betri zimechoka, ubavuni mwa sanduku kuna tundu, na ukutani kumening'inia mpini. Fundi anauchomeka na kuzungusha, mara nyingi tu, gia zikilia tik tik tik, mpaka komeo liingie. Kisha anasimama pembeni, kamwe si mbele, na kubonyeza kitufe cha chuma kwa kidole. Kilovolti 220 zinawashwa kwa mkono wa mtu, kupitia springi, kama vile mwaka 1901 hautaki kutuachia kabisa.

Kijana mmoja wa kidato cha nne ameniandikia swali kabla ya kuanza: je, springi haichoki kwa kukaa imebanwa miaka? Inachoka, lakini kidogo sana, ikiwa imetengenezwa vizuri na kubanwa kiwandani kwa muda kabla ya kuuzwa, ili ulegevu wake wa kwanza uishie hukohuko. Breka za daraja la juu hupimwa kwa kufunga na kufungua mara 10,000. Breka ya laini ikifanya kazi mara 50 kwa mwaka, fanya hesabu mwenyewe. Kinachotangulia kuchoka ni komeo, na mafuta ya shokapu inayolipokea pigo mwisho wa safari. Hivyo ndivyo vya kukagua kwanza. Maswali mengine nitayapokea; naona kuna mama pale nyuma ameinua mkono muda mrefu.